Mke Aliyepimwa Afya

Ruhembe, 12 Juni 1994

Mume wangu Nickson,

Watoto wazima, mbuzi kazaa.

Uliniandikia kwamba leseni ya kiwanda chetu kidogo cha pombe imekwama, inangoja mpishi apimwe afya. Basi juzi nikaja huko Kilosa nipimwe, bila kukuambia. Bwana afya akanishangaa: “Mke wa Nickson? Mbona alishapimwa, tena mumewe kamshika mkono?” Nikacheka, nikasema kakosea. Labda kakosea.

Kimea kimekauka. Ukija nitakupikia pombe. Unajua desturi, mpishi huonja kwanza, mnywaji asihofie sumu. Safari hii sionji. Utaanza wewe, halafu utaniambia huyo mpishi wako ni nani.

Ni mimi mkeo, ambaye bado hajapimwa,
Consolata