Bakuli Lililozama Mapema

Kwa ndugu yangu mpenzi Shaikha, wewe uliyebaki peke yako duniani kuniita Hamoudi bila kuweka “mzee” mbele. Nakusalimu kwa salamu nyingi, wewe na wajukuu na nyumba nzima hapo Unguja. Goti lako je, limepoa? Mimi sijambo kwa kiasi cha umri: kifua kinabana, uji naunywa kijiko kwa kijiko, na mganga ameacha kuniahidi kitu. Mwandiko unayumba, lakini usidhani ni ugonjwa mtupu. Nina habari, Shaikha, na nimeshindwa kungoja mkono utulie.

Unayakumbuka yale mabakuli mawili ya shaba uliyotuagizia mwaka juzi kwa Mahfoudh mfuaji wa huko kwenu, kwa ajili ya kisima cha wakfu ninachokisimamia. Watu hapa Bagamoyo walicheka niliposema tutagawa maji kama babu zetu walivyogawa kule Manga, Uarabuni: bakuli lenye tundu dogo chini linawekwa juu ya maji ya sufuria, maji yanapenya polepole, na nyumba yenye zamu inateka mpaka bakuli lizame. Baadaye wakalipenda, kwa kuwa bakuli halina jamaa wala rafiki. Moja likakaa upande wetu sisi wa asili ya Manga, la pili upande wa Washomvi, wenyeji wa mji, mikononi mwa Bi Ashatu, mjane wa yule mwashi. Unamjua: ndiye aliyekwambia halua yako ina mchanga.

Kaskazi hii kisima kilipungua na maneno yakaanza. Wanawake wa Kishomvi wakasema zamu yao inakwisha kabla mtungi wa pili haujajaa, na sisi tunaondoka na mitatu huku tukipiga soga. Mwinyimvua, msemaji wao, akaja barazani kwangu akaniuliza, kwa adabu iliyouma kuliko matusi, kama siku hizi kiu nayo ina kabila. Tukayaweka mabakuli yote mawili ndani ya sufuria moja mbele ya watu. La Washomvi likazama. Letu lilikuwa bado nusu, linaelea kwa madaha kama bwana harusi anayengojwa.

Kelele zake ungezisikia huko Unguja! Wakasema Mahfoudh kahongwa na Wamanga. Mwinyimvua akatoa neno la mwisho: mkosaji asipojulikana Ijumaa, watayavunja mabakuli na kujenga ukuta katikati ya uwanja, kila watu wachimbe kwao. Shaikha, kisima kile baba yetu alikiweka wakfu kwa kila mwenye kiu. Nikajiona nakufa nikiwaachia watu ukuta.

Tukamwita Mahfoudh, akaja siku hiyo hiyo ya Ijumaa, na unalijua domo lake. Alianza kuapa kabla hajavua viatu. Kwanza akayasingizia maji, kwamba ya Bagamoyo ni mazito kwa chumvi, yanasukuma kama mpagazi. Bi Ashatu akamwuliza kama ndani ya sufuria ile moja chumvi ilichagua bakuli lake tu. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mahfoudh kwa hasira akachomoa sindano kilembani, ile ile, akaapa, aliyotobolea yote mawili. Katika bakuli letu ikapita kwa kubanwa. Katika la Washomvi ikacheza kama mguu wa mtoto ndani ya makubadhi ya babu yake. Mwinyimvua akapiga makofi akasema haya, mwizi kajiletea shahidi mwenyewe. Vijana wakamkamata Mahfoudh kanzu.

Nikaomba nipewe bakuli. Kandokando ya tundu nikaona mikwaruzo. Niliijua. Ilikuwa yangu.

Sasa pokea nisilotaka kufa bila kukwambia, ingawa mji mzima umekwisha kulisikia. Kila Alhamisi, tangu mabakuli yaje, nilikuwa nakwenda kwa Bi Ashatu kulisugua bakuli lake kwa ukwaju na mchanga, ling'ae kwa siku ya Ijumaa. Nilijiambia ni kazi ya msimamizi. Uongo! La upande wetu limeota kutu ya kijani na sijaligusa. Nilikwenda kukaa kibarazani kwake nimsikie akinidhihaki. Na ili nisiondoke upesi, nilichukua msumari nikalichokonoa tundu taratibu, nikisafisha uchafu usiokuwapo. Mapenzi ya mzee mwenye meno manne ndiyo yaliyowanyima Washomvi maji.

Nikasimama nikayasema yote. Kisha Mwinyimvua akauliza kama kwa miaka yangu yote sikujifunza njia fupi zaidi ya kuposa. Basi watu wakaangua kicheko, na Mahfoudh akaachiwa, kanzu imechanika bega. Nilipomwomba radhi akasema atafua bakuli jipya, kwa sharti moja tu, nisiliguse. Mpaka lije, tunatumia letu pande zote mbili, na Washomvi ndio wanaoanza kuteka. Ukuta haukutajwa tena.

Jioni Bi Ashatu akaniletea uji kwa mkono wake. Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza. Akasema nisijisifu, kosa si langu peke yangu: kila Jumatano yeye alikuwa akilipaka bakuli masizi ya chungu na mafuta ya nazi, nisije nikalikuta safi nikarudi kwangu.

Nimemposa, Shaikha! Amesema jibu atalitoa ukifika wewe, kwani harusi haina ladha bila wifi wa kugombana naye. Basi njoo upesi, kifua changu hakina subira. Njoo na bakuli jipya, na halua yako. Ameitaja mwenyewe, mchanga na vyote.

Msalimie Miza na watoto wake, na kila anayeniulizia. Mola akulinde njiani.

Mimi nduguyo, anayekungoja akiwa hai,
Hamoudi
Bagamoyo, Mfunguo Nane, 1303