Kwa Papa, Ambaye Vitabu Vilidhani Amerudi Ulaya

Papa mpendwa,

Mama bado haielewi kazi yangu. Nilipokuwa Kalemie likizo hii, jirani mmoja alimwuliza nafanya nini huko Lubumbashi, kwenye maktaba ya chuo kikuu. Mama alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua kichwa. "Papa yake alikuwa anahesabu samaki," akasema. "Huyu naye anahesabu watu wenye kuhesabu samaki." Jirani akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia, kwa sababu ni wewe tu uliyewahi kunielewa bila kuelezwa mara mbili.

Unakumbuka siku uliyonielewa? Nilikuwa nimerudi likizo, mwanafunzi bado, nimeshuka kwenye treni ya Kabalo nimejaa vumbi mpaka kwenye masikio. Ulinisubiri kwenye gare ya treni ukiwa umevaa abakosti, ile suti ya serikali isiyovaliwa tai, wewe uliyesema vazi lile linakunyonga hata kama halina kravati. Tulikuwa hatujafika hata barabara kubwa ukaniuliza, "Haya, ile minerval ninayolipa chuoni imekufundisha nini mwaka huu?"

Nikakuambia kuna elimu mpya ya kuchunguza maandishi ya wataalamu. Kila makala ina orodha mwishoni, ya kazi ambazo mwandishi amezisoma na kuzitaja. Ukizikusanya orodha hizo kwa miaka mingi na kuzihesabu, unaona nani anasomwa, nani anamtaja nani, na nani ameachwa pembeni. Ukatembea kidogo ukifikiri, sanduku langu begani.

"Ile njo kama kilio, matanga ya mutu," ukasema. "Mutu akikaa pale mulangoni, akiangalia nani anaingia na nani hakukuja, atajua mambo yote ya ile familia."

Nimesoma vitabu vingi vya elimu hiyo tangu siku ile, na sijaona mtu aliyeieleza vizuri kuliko hivyo.

Kesho yake ukanipeleka kazini kwako, kituo cha utafiti wa samaki, kwenye kile chumba walichokiita maktaba. Kilinuka dawa ya kuhifadhia ndagala, wale dagaa wetu, kwenye chupa, na karatasi zilikuwa zimelegea kwa unyevu wa ziwa. Majarida yalikuja kwa posta, mengine kwa boti kutoka Kigoma, yakichelewa kama wageni wa harusi. Ukafunga mlango, ukasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia daktari ugonjwa wa aibu: "Tuangalie yangu. Toka nianze kuandika, hakuna mutu ameniandikia hata barua. Sijui kama kuna mutu anasoma."

Hukuwa mtu wa kutaka vitu, Papa. Wenzako walitaka gari, walitaka kupelekwa Kinshasa. Wewe ulitaka kujua jambo hilo moja tu, nami nilijua siku ile kwamba ningekutafutia jibu hata kwa miaka.

Tukaanza. Wewe ulisoma orodha za mwisho kwa sauti, mimi niliandika kadi, kila mwandishi na kadi yake. Wewe ulihitaji kadi mbili. Mapadri wa shule walikuandikisha Prosper Lambert, na makala zako za mwanzo, ulipokuwa kijana, zilitoka kwa jina la Lambert. Halafu ukaja mwaka ule serikali ilipotuamuru kuacha majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Watu wengine walinung'unika chini chini. Wewe ulifurahi waziwazi. Ulichukua jina la nkambo Numbi, babu yako aliyekulea kule Kiambi, kwenye mto Luvua, na tangu hapo kila ulichoandika ulikitia sahihi ya Numbi.

Kadi ya Lambert ilijaa upesi. Kila aliyeandika habari za ndagala wa ziwa letu alimtaja Lambert. Ulipiga meza kwa kiganja, ukanicheka nilipoishiwa nafasi ya kuandika. Uso wako ulikuwa wa mtu aliyepokelewa ukweni na ngoma. Kisha tukageukia Numbi. Tukafungua jarida baada ya jarida, na kadi ikabaki nyeupe. Nikadhani tumekosea, nikaanza upya. Tukajaribu majina ya rafiki zako wa kituo, na hadithi ikawa ileile: wa zamani anatajwa, wa sasa hayupo. Kwenye mchoro nilioutengeneza kutokana na kadi ilionekana kama tauni imepita na kuua waandishi wote wa nchi yetu mwaka mmoja, na mahali pao wamekuja wageni wasiojulikana na mtu. Hata mji wetu ulihesabiwa mara mbili, kwa jina la zamani Albertville na la sasa Kalemie, kana kwamba ziwa lilihama.

Tukakuta na lile jarida ambamo mzungu mmoja alikuwa amekusifu sana. Aliandika kwamba kazi nzuri ya Lambert haikuendelezwa, bila shaka kwa sababu mwenyewe alirudi Ulaya.

"Nilirudi Ulaya?" ukasema. "Na pasiporti ya nani?"

Tulicheka, Papa, tulicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Lakini jioni ile hukumaliza sahani yako ya bukari, na Mama akaniuliza kwa macho nimekufanya nini.

Mimi nilikuwa na hasira za ujana. Nikakushauri uandike chini ya jina lako, kwa herufi ndogo, "zamani Lambert", ili wasomaji wajue ni mtu mmoja. Uliandika hivyo kwenye taarifa iliyofuata ya kituo. Mkuu wako akapitisha kalamu nyekundu kabla haijapigwa mashini, akasema jina la ukoloni haliwezi kutoka kwenye ofisi yake. Simlaumu sana. Zilikuwa nyakati ambazo mtu aliweza kupoteza kazi kwa jina la mtakatifu.

Ile makala ya mwisho ndiyo inayoniuma. Ulikuwa umeshaanza kuugua, miguu imevimba, ukaimalizia kitandani hospitalini. Ulikuwa umeona asubuhi nyingi, pale wavuvi wanapomwaga mavuno yao, kwamba nyavu za matundu madogo zinazokokotwa karibu na ufuko zinazoa ndagala wachanga kabla hawajazaa. Ulionya kwamba siku moja mitumbwi itarudi mitupu. Makala ilikuwa iende nje, kwenye jarida ambako kalamu nyekundu ya mkuu haikufika. Huko ungeweza kujiita utakavyo.

"Papa, weka Lambert," nikakuambia. "Lambert wanamujua. Watasoma."

Ukaniuliza: "Huyo Lambert, nani alimuzaa?"

"Papa, hii si saa ya michezo."

"Si michezo. Nkambo Numbi njo alinifundisha kuangalia samaki. Alinishika mukono, akaniambia, nyamaza, angalia. Lambert alikuwa anakwenda masomo tu."

"Nkambo hasomi majarida ya wazungu."

"Njo maana," ukasema. "Nani atamutaja kama si mimi?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kumwambia mtu mwenye afya, si mgonjwa. Kalamu ilikuwa imeanza kukushinda, ukaniomba niandike jina mimi juu ya ukurasa wa kwanza. Nikaandika Numbi. Niliandika nimenuna, na uliona.

Makala ilipochapishwa tulikuwa tumeshamaliza matanga yako. Jarida lilifika kwa posta, nikaliweka mezani, na Mama, ambaye hasomi Kifaransa, alipitisha kidole juu ya jina lako, polepole, akarudia tena. Kisha akaenda kuteka maji.

Tangu hapo kila jarida jipya nalifungua kwa nyuma, kwenye orodha, kabla sijajua hata linahusu nini. Wenzangu wananitania kwamba naanza mlo kwa mifupa. Nakutafuta wewe. Majarida yenyewe sasa hayaji kama zamani, chuo hakina fedha, lakini yanayofika nayapekua yote. Lambert bado anatajwa, tena na vijana ambao walikuwa hawajazaliwa alipoandika. Numbi hatajwi.

Halafu ikaja makala kuhusu ndagala wachanga na nyavu za ufukoni. Ufuko wetu. Mambo yale uliyoyasema wewe, karibu kwa mpangilio uleule. Na mwandishi, sidhani kama alikuwa mtu mbaya, aliandika kwamba mpaka sasa hakuna aliyechunguza jambo hili. Niliisoma nimesimama katikati ya rafu. Papa, siku ile nilikukasirikia wewe kuliko yeye. Nilikuambia kwa sauti, mbele ya wanafunzi, "Si nilikuambia!" Nao wakanitazama kama mwehu.

Kwetu ndagala wamepungua kweli. Sokoni fungu limekuwa dogo, na wavuvi wanalala mbali zaidi. Huenda hata kama wangekusoma isingebadilisha kitu. Lakini wangekuwa wamekusoma.

Sasa majina ya ubatizo yamerudi. Wanaume wanavaa kravati tena, na kanisani Mama anaitwa Maria-Yozefa, anaitika kwa fahari kama msichana. Mimi nimemaliza uchunguzi wangu mkubwa, wa nani ameandika habari za ziwa letu na nani amesomwa. Kazi iliyonichukua muda kuliko zote ni kuunganisha kadi. Nilikwenda kwa kila mzee wa kituo aliye hai, na kwa wajane wa waliokufa, nikauliza: kabla ya mwaka ule uliitwa nani, mumeo aliitwa nani? Wengine walijibu wakinong'ona, kwa mazoea ya woga. Nimeunganisha jina na jina, mtu mmoja mmoja. Kwenye mchoro mpya ule mwaka wa tauni umetoweka. Mstari wako unaanza na Lambert, unauvuka mwaka ule bila kuvunjika, na unaendelea kwa jina la Numbi mpaka ulipofariki. Profesa wangu alipouona alivua miwani akasema, "Kumbe hawa watu hawakwenda popote."

Hapo ningependa kuishia, Papa, kwa sababu hapo ndipo ungefurahi.

Lakini kuna kanuni ya kazi hii ambayo sikuwahi kukueleza. Mwandishi akijitaja mwenyewe, hatuhesabu. Akitajwa na mtu wa nyumba yake, mke, mtoto, mwanafunzi aliyemlea, hapo pia hatuhesabu, maana kila mtu angekuwa maarufu kwa ndugu zake. Kanuni hiyo niliiandika mwenyewe kwenye sura ya kwanza, na ni kanuni nzuri. Bila hiyo hesabu yangu haina heshima.

Nimeitaja makala yako ya mwisho, Papa. Ipo kwenye orodha yangu kwa jina ulilolitaka, na mimi ni wa kwanza kuitaja. Kisha nikarudi kwenye jedwali, kwenye mstari wa makala hiyohiyo, mahali pa kuonyesha imetajwa mara ngapi, nikaandika sifuri kwa mkono wangu.

Lala, Papa. Umsalimie nkambo.

Mimi niliyekusoma, nisiyehesabiwa,
binti yako wa kwanza