Mguu wa Kushoto

Moshono, Arusha
2 Juni 2024

Mwanangu Ndeshi,

Hujambo huko Johannesburg, na hiyo baridi? Sisi wazima. Mama yako amesema nianze na habari yake: kahawa ya shamba la Poli tumeanza kuchuma na mwaka huu imebeba vizuri. Haya, nimeanza na yake.

Sasa yangu: ile ndege ninayoiunda miaka yote hii sasa inakunja magurudumu! Jana tuliiinua kwa jeki pale kwa rafiki yangu Simel, kwenye kiwanja chake cha nyasi upande wa Kisongo. Nikavuta mkono wa kukunjia, miguu yote mitatu ikaingia tumboni. Simel alipiga kelele kama mtu aliyeona ng'ombe amekaa kwenye kiti.

Shida ni moja. Mguu wa kushoto unachelewa kushuka, na taa yake ya kijani inawaka baada ya wenzake. Katika familia hii fundi wa ndege mwenye cheti ni wewe. Nifanyeje?

Baba yako,
Anaeli


Johannesburg
5 Juni 2024

Shikamoo baba, na mama mpe shikamoo yake.

Mimi sijambo, ila barua pepe yako imenishtua. Tafadhali usiruke kwanza. Ninashuku ni mpira, ule mnene uliovikwa nyuzi, unaovuta mguu ushuke. Ule wa kwako umekaa kwenye boksi tangu nikiwa sekondari, na mpira unazeeka hata usipotumika. Nitakununulia mpya. Rafiki yangu Anjela anakuja Arusha karibuni, atakuletea.

Ukiufunga, usipake grisi karibu nao. Grisi inaula mpira, na vumbi la huko likinasa kwenye grisi linakuwa msasa. Na kabla hujaingiza mkono mle ndani weka pini ya usalama, baba. Mguu ule hauna huruma. Halafu kunja, kunjua, kunja, kunjua, mpaka Simel akuchoke.

Mwanao,
Ndeshi


Moshono
23 Juni 2024

Ndeshi mwanangu,

Salamu nyingi. Anjela alifika, tukamlisha ndizi mpaka akaomba msamaha. Mpira wako nimeufunga. Taa zote tatu zinawaka pamoja, pap! Nimesharuka peke yangu na kurudi, hakuna kilichokwama.

Jumamosi mama yako anapanda. Anataka kuona maziwa ya Momela kutoka juu. Nilimwambia asubiri kidogo, akasema, "Miaka yote naangalia miguu yako tu ikitokeza chini ya hiyo ndege. Sasa nataka kuona ulichokuwa unakifanya."

Baba yako


Johannesburg
2 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Mko salama? Simu yako inaita tu. Ya mama imezimwa. Nimempata mama mdogo Magreth, akasema, "Wazima, wazima," akakata. Mtu hasemi wazima mara mbili hivyo. Niandikie, hata neno moja.

Ndeshi wako


Moshono
6 Julai 2024

Mwanangu,

Mimi mzima. Mama yako amevunjika mfupa wa bega, yuko kwa Magreth anauguzwa. Ndege imekwisha.

Momela tulifika vizuri. Mama yako aliwaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, ziwani, akawa anacheka peke yake. Tuliporudi juu ya kiwanja cha Simel nikaachia magurudumu. La mbele tayari, la kulia tayari. La kushoto, hakuna taa. Simel akaita kwenye redio, "Anaeli, mguu mmoja unaning'inia nusu!" Nikarudia, nikaitikisa ndege, wapi. Haushuki, haurudi.

Mama yako akauliza, "Baba Ndeshi, mbona tunazunguka?"

"Gurudumu moja limekataa."

Kisha akainama, akavua viatu.

"Unafanya nini?"

"Vitanizuia kukimbia."

Nikaikunja ile mingine miwili tushuke kwa tumbo, maana tungetua kwa miwili tungepinduka. Tukazunguka mpaka mafuta yakabaki kidogo. Nyasi zilipokaribia nikazima injini. Tumbo likagusa, ule mguu ukachimba, ndege ikageuka ikatazama tulikotoka, bawa likakatika. Halafu kimya. Nikamgeukia mama yako, kiti kitupu. Alikuwa ameshafika kwenye miti, anakimbia pekupeku, bega limelegea, wala hajui kama ameumia.

Mpira ulikatika ukajisokota kwenye bawaba. Usiniulize zaidi kwa sasa.

Baba yako


Johannesburg
7 Julai 2024

Baba,

Nashukuru Mungu mko hai. Mpe mama pole, nimelia mpaka macho yamevimba. Lakini lazima nikuulize. Mpira gani umekatika?

Ndeshi


Moshono
8 Julai 2024

Mwanangu,

Ni huo uliotuma.

Kule hospitali mama yako alinishika shati akasema, "Usimwambie mtoto." Nikakubali. Lakini vile vipande viko hapa mezani. Nje nyuzi mpya zinang'aa, ndani mpira unavunjika kama mkate mkavu. Mtu amechukua mpira wa zamani akauvika nyuzi mpya. Na kama wamekuuzia wewe, wamewauzia na wengine. Ndiyo maana nimevunja ahadi.

Na hili lisikie vizuri. Wewe uliutuma. Aliyeufunga, akampandisha mke wake, ni mimi.

Baba yako anayekupenda


Johannesburg
13 Julai 2024

Shikamoo baba,

Uliyoniandikia niliyasoma nikiwa kazini, spana mkononi, nikasahau nilikuwa naifanyia nini. Mpira ule niliuchagua mwenyewe. Niliupinda, niliunusa. Mimi, ambaye kila siku nasaini kwamba ndege za watu ni salama.

Nilikwenda dukani. Mwenye duka alikana mpaka nilipoupasua mmoja mbele yake kwa kisu. Ukamwagika unga juu ya kaunta. Akaketi. Kisha akaanza kunitajia majina ya wanunuzi, mimi napiga simu. Wengi walikuwa hawajaufunga. Mmoja hakupokea, simu ikapokelewa na binti yake. "Baba yuko uwanjani. Leo anaruka na mdogo wangu."

Akanipa namba ya mlinzi wa uwanja, nikampigia.

"Injini imeshawaka," akasema.

"Kimbia!"

Nilisikia viatu vyake kwenye lami, nikasikia akihema. Mlio wa injini ukazidi, ukazidi, sikusikia tena hata pumzi yake. Nikajua nimechelewa. Halafu ukazimika.

Nilikuwa nimekaa sakafuni pale dukani, sikumbuki nilikaa wakati gani.

Nimepata likizo, nakuja kumuuguza mama. Mwambie najua, na asikugombeze.

Nilimuuliza yule mlinzi, "Wako salama?"

"Wako salama," akasema. "Ila mtoto analia. Anataka kuruka."

Mwanao,
Ndeshi