Ile Picha Uliyonisifia

Kaloleni, Nairobi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Lile goti vipi, limekubali dawa ama bado unalipaka mafuta ya taa kwa ubishi wako? Mjukuu wako Kyalo ni mzima, anakula kama mtu aliyetoka jela. Sisi huku tuko. Maji ya mfereji huja yakitaka, lakini tuko.

Ningekupigia, ila wewe simu huiweka spika boma zima likasikia, hadi kuku. Hili nataka mlisikie wewe na Syombua tu. Akusomee mlango ukiwa umefungwa, kisha afunge na mdomo wake. Syombua, nakujua dada yangu.

Mwaitu, unakumbuka ulivyonisifia ile picha? Ulisema sasa umeona hukuzaa bure, nimekuwa mtu wa kusaidia watu wa Mungu. Mimi nilinyamaza kwenye simu, ukadhani ni mtandao. Haikuwa mtandao. Ilikuwa aibu, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Mchungaji wetu alitufundisha kuhusu karama, kwamba kuna waliopewa kuhubiri, kuna wa kuombea wagonjwa, na kuna waliopewa masaidiano. Akaanza kutugawa. Mimi nilitaka kuimba, unanijua, lakini nikawekwa masaidiano. Nikanuna kidogo, halafu nikaipenda. Tukisikia mtu amelala njaa, tunachanga, tunampelekea unga, mafuta na sabuni. Nikiingia kanisani watu wananiita mama wa huruma. Wee! Jina hilo lilinipanda kichwani.

Sasa, huku kuna desturi. Ukipeleka msaada, lazima ipigwe picha. Mpeaji anashika pakiti ya unga upande huu, mpokeaji upande ule, wote wanaangalia simu, ili waliochanga waone vitu vimefika. Tumezoea, hata hatufikirii tena.

Ndipo tukasikia Muthiani, yule yule mtoto wa jirani yetu mama Muthiani, yuko Kariobangi na mambo yamemharibikia. Lori alilokuwa akiendesha liliuzwa, naye hakuwa amemwambia mtu wa nyumbani hata mmoja. Tulipofika, mke wake alitupangusia viti kwa kanga yake. Muthiani alifurahi kuniona, akaniuliza habari zako. Tukaomba. Kisha nikatoa simu.

"Mwikali," akaniambia polepole, "hiyo ya picha ni lazima?"

"Ni ya kanisa tu, usijali. Shika hapa. Tabasamu kidogo, kwani ni matanga?"

Akatabasamu, Mwaitu. Mtu mzima, watoto wake wakimwangalia, akatabasamu kwa sababu nimemwambia.

Na haikuwa ya kanisa tu. Jioni hiyo hiyo niliiweka kwenye stetasi ya simu yangu, nikaandika Bwana amenipa karama. Nilitaka wanawake wa huko nyumbani waone Mwikali amekuwa nani. Wakaona. Ukaona na wewe. Mwenye duka akamwonyesha mama Muthiani.

Uliponieleza kwamba wazee wamemtoa Muthiani kati ya wale wa kuongea kwenye posa ya dada yake, eti analishwa unga na wanawake wa kanisa, ulicheka kidogo. Kifungua mimba wa nyumba ile, tangu baba yao afariki ndiye anayewasimamia, leo anakalishwa nyuma pamoja na vijana! Hakuna mwingine aliyemkalisha pale. Ni mimi.

Niliitoa picha, lakini ilikuwa imeshatembea. Nikaenda Kariobangi kuomba msamaha. Mke wake alisimama mlangoni. "Mama Kyalo, hayupo." Na mimi namsikia anakohoa ndani. Nikarudi tena, bado hayupo. Sikumlaumu. Kanisani nilimwomba mchungaji anipumzishe kidogo, akadhani ni unyenyekevu, akanisifu mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu wiki iliyopita mama Muthiani alinipigia kwa simu ya dukani. Nikajua leo natukanwa, na nilikuwa tayari. Akaniuliza hali, akamuulizia Kyalo, akasema, "Mwanangu, kuna gunia la mahindi na maharagwe limekuja na basi kwa jina lako. Mpelekee Muthiani. Mwambie mwaka huu yamezidi, sina pa kuyaweka."

Yamezidi! Mwaitu, si wewe uliniambia mvua ilipita juu tu, mkang'oa mabua matupu? Sijui mama yule aliyapata wapi, na tafadhali usimuulize. Hakuitaja picha hata kidogo. Nililia pale stendi nikiwa nimekalia gunia, watu wakinipita. Nimekaa kwenye masaidiano muda wote huu, na sikuwa nimejua msaada unatolewaje.

Nililipakia kwenye mkokoteni hadi Kariobangi, simu nikaiacha nyumbani. Nikabisha nikasema kwa sauti, "Ni mzigo wa mama yako. Anasema yamezidi." Halafu komeo likavutwa, Muthiani akafungua mwenyewe. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu kwanza, huu, kisha ule. Alipoona iko mitupu, ndipo akasogea kando nipite.

Hajanisamehe, na mimi sijamharakisha. Lakini aliniambia niketi.

Nisalimie baba mdogo, na shangazi anayeumwa macho. Syombua namwachia salamu za mdomo uliofungwa. Mama Muthiani mwambie tu mzigo umefika, na mwanawe amefurahi kusikia kwamba mwaka huu mmevuna.

Ni mimi mwanao, ambaye usimsifu kwa sasa,
Mwikali