Itoka ya Guka

Kinoo,
Jumapili jioni

Mpendwa dada Shiru,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Leeds, na kwamba kifua kilichokusumbua tangu baridi ianze kimepoa. Sisi hapa tunapumua. Mvua imenyesha vizuri, na goti la Baba halimsumbui sana. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenipigia kabla hujasoma hadi mwisho, nami ningeogopa kuufikia.

Uliniuliza kazi yangu ya utafiti ikoje. Mwezi uliopita taasisi yetu iliandaa mkutano katika hoteli moja mjini, kuhusu usalama wa Asia. Tulizungumzia Doklam, uwanda wa milimani ambako China na Bhutani hazijakubaliana mpaka. India inautazama kwa wasiwasi, maana uko karibu na ukanda mwembamba unaoiunganisha na majimbo yake ya kaskazini-mashariki. Mimi nilipewa kazi ya kuchora ramani ya kijitabu. Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani: pale wazee hawajakubaliana, hapapandwi itoka, lile ua la mpaka. Nikapaacha bila mstari.

Nilidhani nimewaheshimu wote. Msomi wa Delhi aliitazama akafunga kijitabu, na yule wa Beijing hakukigusa tena. Kila mmoja aliona nimempendelea mwenzake. Wakati wa chai nilimuuliza mgeni kutoka Bhutani, mzee mpole, wao hutumia ramani gani. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alisema ni kama amelala kitanda kimoja na ndugu wawili wanene, yeye katikati, na akitaka kujigeuza huomba ruhusa pande zote mbili. Nilicheka naye.

Kesho yake mkurugenzi wetu, Dkt. Mwangangi, aliniita akaniambia pale si shambani kwetu. Akaniagiza niandike barua mbili za kuomba radhi: ya Delhi iseme mstari ulipaswa kupita kaskazini, ya Beijing iseme kusini. Nilimwambia haziwezi kuwa kweli zote mbili. Akasema hakuna atakayezisoma pamoja. Nikazitia sahihi, dada. Nilizimaliza kabla ya chakula cha mchana, na wepesi huo ndio ulionitisha.

Halafu nikirudi nyumbani, kitanda ni kile kile. Unajua hati ya shamba bado ina jina la babu yetu, Guka, na kinachotutenganisha na Anko Wachira ni ile itoka aliyoipanda Guka mwenyewe mbele ya wazee. Tangu Aprili Anko analalamika kwamba itoka imesogea upande wake. Baba anajibu kwamba kilichosogea ni macho ya Anko. Ukanda huo wanaougombania ndio Baba aliotuahidi sisi wawili, pale uliponionyesha dirisha la jiko lako litakapokuwa.

Anko alipoita wazee, ndugu hao wawili walikubaliana jambo moja tu: kwamba shahidi niwe mimi, kwa kuwa ndiye ninayeshinda hapa wikendi zote. Anko alinikuta langoni akanitania kwamba kama ninapatanisha Wachina na Wahindi, wazee wawili wa Kinoo watanishindaje? Baba alianza tu kuniletea chai chumbani kila asubuhi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tumzike Mama. Nikawa nashuka matatu Uthiru jioni, kabla ya kufika Kinoo, na kutembea hadi nyumbani, ili nichelewe kufika.

Wazee waliketi jana uani kwa Anko. Nilikuwa nimejiandalia sentensi ya ofisini, kwamba suala hili ni nyeti na linahitaji mazungumzo zaidi. Nikaitamka. Mzee mmoja akamgeukia Baba, akauliza kama huyo ni mtoto wa Kuria au ni taarifa ya habari. Watu wakacheka. Baba naye akacheka, kicheko cha mtu aliyepona, na hicho ndicho kilichonivunja.

Nikasema, Shiru. Nilisema kwamba Jumapili moja ya Aprili, Anko akiwa kanisani na mimi nimebaki nikiumwa na kichwa, nilimwona Baba kupitia dirishani akiing'oa itoka kwa jembe na kuipanda ndani ya shamba la ndugu yake. Kwamba nilipotoka alikuwa na matope hadi magotini, akaniambia bila aibu kwamba Guka aliwakumbuka wavulana peke yao, na yeye hatakufa kabla mabinti zake hawajapata pa kujenga. Kwamba nilimchotea maji, akanawa, tukanyamaza.

Unajua kung'oa itoka ni nini kwetu: ni kujiitia laana. Wazee walichukua kofia zao wakaondoka bila kumuaga.

Leo baada ya ibada Baba ameirudisha mwenyewe, Anko amesimama kando. Shimo la zamani lilikuwa limezibwa na nyasi, na Baba hakukumbuka vizuri lilipokuwa. Aliniangalia tu. Nikaonyesha kwa kidole. Dirisha lako la jiko sasa liko katikati ya majani ya ng'ombe wa Anko.

Sikukuuliza kwanza, na kipande kilikuwa chako pia. Nilimtaja Baba mbele za watu kwa ajili ya kitu alichokifanya kwa ajili yetu. Kesho nitarudi kazini, ambako zile barua mbili zina sahihi yangu, na jioni nitarudi hapa, maana sina pengine. Leo asubuhi chai haikuja.

Wasalimie wauguzi wenzako, na uvae sweta. Ukimpigia Baba, tafadhali anza na goti.

Ni mimi mdogo wako,
Wamucii