Mwaka Huu Nakuachia Ushinde

Nyumba za Walimu, mlango wa pili,
Nyuma ya maabara.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shemeji,

Kabla ya neno jingine lolote, pokea salamu zangu. Hujambo? Kidonda cha upasuaji kimefunga? Na hao mapacha, bado wanapokezana kulia, mmoja akinyamaza mwenzake anashika zamu? Mumeo naye naamini lifti anazotengeneza hazijamkwamisha ghorofani. Mwambie namkumbuka sana.

Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Mama yenu anasumbuliwa na magoti, ila ulimi wake mzima kabisa, tena umenolewa. Binti yetu amerudi chuoni. Mimi mwilini sina ugonjwa. Yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Juzi Mama alitua kikombe mezani kwa kishindo, akaniambia kwamba kila ukimpigia unalia, ukidai nimekukasirikia kwa kutokuja kumzika dada yako. Shemeji, naomba unielewe. Sijakukasirikia hata chembe. Ulikuwa umelazwa, umetoka kupasuliwa, una vichanga wawili kifuani. Mwenye akili timamu gani angetaka upande ndege katika hali ile? Dada yako mwenyewe alikuwa akiitazama picha ya mapacha mpaka simu inaishiwa chaji, na hakuwahi kusema ungekuja. Alisema tu, "Hawa wana pua ya Mama, maskini."

Sipokei simu zako kwa sababu ya sauti yako.

Wewe na dada yako mligawana sauti moja. Hujasahau siku uliyonipigia ukajifanya yeye, ukanirudisha sokoni kununua vitunguu, nikafika nyumbani na furushi nikakuta jikoni kumejaa vitunguu na nyinyi wawili mnacheka mpaka mnashika mbavu. Basi wiki ile baada ya maziko ulipiga, nikapokea bila kutazama jina. Ukasema, "Haloo, ni mimi." Nami nikakujibu, "Uko wapi?" Kwa furaha, Shemeji! Kwa pumzi moja hivi nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha nikakumbuka, nikakata. Tangu hapo nikiona jina lako naiacha simu ilie mpaka ichoke. Kesi yote ndiyo hiyo. Ningekueleza mapema, lakini ningekueleza kwa simu ipi?

Sasa nikupe habari ya Jumatano, maana hiyo ndiyo iliyonivunja.

Ilikuwa siku ya somo la betri. Sijui kama dada yako aliwahi kukusimulia alivyolifundisha. Hakuanza na betri ya dukani wala na mchoro wa ubaoni. Alianza na ugomvi. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita daktari mmoja aligusa paja la chura aliyekufa kwa vyuma viwili vya aina tofauti, paja likaruka. Akatangaza kwamba umeme unakaa ndani ya mnyama. Mwalimu mmoja wa fizikia, yule ambaye jina lake tunalitamka bila kujua kila tunaposema volti, akakataa katakata. Umeme unatoka kwenye vyuma, akasema, chura kazi yake kurukaruka tu. Wakabishana miaka. Mwishowe yule wa vyuma akapanga visahani vya aina mbili, kimoja juu ya kingine, na katikati akaweka vipande vilivyolowa maji ya chumvi, bila chura hata mmoja. Umeme ukatoka. Betri tulizo nazo leo zimetokana na mabishano yale.

Kila mwaka mimi na dada yako tuliucheza ugomvi huo mbele ya darasa. Mimi nilikuwa daktari, na chura wangu wa mpira wa baiskeli, aliyekatwa na dada yako mwenyewe, ana jicho moja na uzi wa kumrusha. Nilikuwa namrusha, natangaza kwa madaha, na hapo mlango unafunguliwa kwa kishindo, dada yako, yaani Mwalimu Chumvi, anaingia na visahani vyake: "Wewe Bwana Chura, acha kumsumbua chura wa watu! Umeme uko kwenye vyuma!" Watoto walikuwa wanapanda juu ya madawati. Kisha anapanga visahani, taa nyekundu inawaka, mimi nainamisha kichwa nimeshindwa. Nilishindwa miaka yote ya ndoa yetu. Historia ndivyo ilivyokwenda, ningefanyaje?

Makamu wa mwalimu mkuu aliwahi kumuuliza kama mambo ya chura yanatoka kwenye mtihani. Dada yako akamjibu kwa adabu zake zile zenye pilipili. "Hayatoki, Mwalimu. Lakini mtoto akishaona wakubwa walivyobishana na kukosea, haogopi kukosea mbele yangu." Na kweli, mwisho wa somo aliwaambia watoto kwamba hata huyo wa vyuma alikosea. Alidhani vyuma kugusana tu kunatosha, kumbe nguvu inatoka kwenye zinki inavyoliwa kidogo kidogo ndani ya maji ya chumvi. Hapo ndipo walipofurahi zaidi, kusikia kwamba mshindi naye alichemka.

Kule hospitali, siku zake za mwisho, walimbandika nyaya kifuani, na pembeni kukawa na mashine inayochora moyo wake. Nilikuwa nimekaa naitazama kama mjinga. Akanyanyua kidole, akaielekeza ile michoro. "Unaona, Chura? Huo umeme wa mwilini. Daktari wako naye alikuwa na lake." Nikamwambia asijichoshe kwa maneno. Akatabasamu. "Mwaka huu nakuachia ushinde."

Nikamwambia sitaki. Nilimjibu kwa ukali, Shemeji, kama mtoto. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika na muuguzi akaja kunifokea. Huo ndio ulikuwa utani wetu wa mwisho. Wiki haikuisha.

Basi Jumatano. Makamu alinipa ruhusa niruke lile somo, nikakataa. Nikachukua boksi lake: visahani vya zinki alivyokata kutoka kwenye betri kuukuu za tochi, vya shaba alivyopewa na fundi bomba, vitambaa vya duara kutoka kwenye shuka letu la zamani. Nikaingia darasani. Nikamrusha chura. Nikatangaza, "Umeme uko ndani ya mnyama!" Na kwa mazoea, bila kufikiri, nikageuka kuutazama mlango.

Darasa zima likageuka pamoja nami. Wale watoto wanaujua ugomvi ule, wamesimuliwa na kaka zao na dada zao. Wote wanayajua maneno yake. Hakuna aliyethubutu kuyasema.

Nikaanza kupanga visahani mwenyewe. Zinki, kitambaa, shaba. Zinki, kitambaa, shaba. Nikaunganisha taa. Haikuwaka. Nikageuza nyaya, wapi! Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kuangalia chini, meza imelowa chapachapa. Vitambaa vilikuwa na maji mengi mno, maji yakatiririka ubavuni kutoka kisahani hadi kisahani, na umeme ukapita njia hiyo ya mkato badala ya kwenda kwenye taa. Kosa hilo nalijua, nimelifundisha mwenyewe mara nyingi tu. Lakini kukamua vitambaa ilikuwa kazi yake. Miaka yote hiyo sikuwahi kukamua hata kimoja. Nikasimama mbele ya watoto wa watu na kitambaa mkononi, sijui mkono wa mke wangu ulikuwa ukikaza kiasi gani.

Makaburini sikulia, Shemeji. Watu walinisifu kwa uvumilivu. Nililia Jumatano, mbele ya darasa, kwa sababu ya kitambaa. Chura alikuwa ameshinda, kama nilivyoahidiwa, na sijawahi kuona ushindi mchungu kama ule.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama. Hakunipa pole. Aliniambia nilete boksi na chumvi. Akatumbukiza kitambaa, akakamua mara moja, akakung'uta, akanipa. "Hivi. Nani unadhani alimfundisha kukamua?" Vyote alivikamua yeye, mimi nikapanga. Taa ikawaka pale pale kwenye meza ya chakula, nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Mama akaitazama sana. Akauliza, "Mwanangu alikuwa akifundisha hivi?" Nikasema ndiyo. Akajifunika uso kwa mikono yake yenye chumvi. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Sisi tumeanza, nawe sasa nataka uingie, usilie peke yako huko.

Somo nitalirudia Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 24, saa nne asubuhi kwa saa za huku. Jirani yetu anasafiri kesho kuja huko, ndiye atakayekukabidhi barua hii, kwa hiyo itakuwahi. Vitambaa atakamua Mama. Amekubali, na ameshachagua gauni la kuvaa. Watoto nitawaeleza mapema kwamba watakayemsikia ni mdogo wake Mwalimu Chumvi, wasije wakaogopa. Mimi mwenyewe naogopa, sikufichi.

Nisalimie mumeo, na jirani yako yule mshonaji aliyekupikia uji ulipotoka hospitali. Wabusu mapacha kwenye zile pua zao. Mama anasema ule, unyonyeshe, uache kujilaumu, na anasema hayo kwa sauti ya amri. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akulegezee moyo.

Ombi langu ni hili moja. Jumatano hiyo, ikifika saa nne na robo, nipigie. Simu itakuwa mezani katikati ya darasa, imefunguliwa sauti. Nitapokea, safari hii sitakata. Usiniamkie, wala usiniulize nina hali gani. Niambie niache kumsumbua chura wa watu, umeme uko kwenye vyuma. Niambie kwa nguvu, kama alivyokuwa akisema. Nataka kushindwa, Shemeji.

Ni mimi nikupendaye daima,

Shemeji yako,
Chura