Kuhusu Sauti Zilizoijaza Diski ya Ofisi

Lubumbashi, Jumamosi

Kwa Papa Anselme,
aliyekuwa Mkuu wa sekretariati yetu ya karibu na gare ya treni,
mahali alipo.

Kuhusu: kujaa kwa diski ya kompyuta ya ofisi, na ombi la uamuzi.

Papa,

Nina heshima kukuletea barua hii, mimi Félicien uliyeniachia ufunguo wa ofisi, kwa nia ya kukueleza kwa utaratibu mambo yaliyotokea tangu Alhamisi, na kukuomba uamuzi ambao mimi peke yangu sina mamlaka ya kuutoa. Natambua kwamba barua hii haina anwani kamili. Ungekuwa hai ungenirudishia kwa kasoro hiyo. Naomba uipokee hivyo hivyo.

Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike. Ofisi bado inafunguliwa saa mbili. Kiti chako nimekiacha upande wa dirisha. Wateja wanaweka mikoba juu yake na mimi naiondoa. Mji umebadilika. Miji ya Kivu ilipoanguka vitani, ndege za kutoka Goma ziliacha kushuka kwenye uwanja wetu wa Luano, na wafanyabiashara wengi wa kule waliokuwa na maghala hapa wamefunga, au wamekwenda kutafuta jamaa zao. Malori yanakaa mpakani Kasumbalesa majuma mazima. Vitu vidogo vimeadimika, hata wino wa printa, hata diski za ziada za kompyuta, na jambo hili la mwisho linahusu barua yangu. Watu wanaokuja kwetu sasa hawaombi kazi tena kama zamani. Wanaomba karatasi za kuthibitisha kwamba wao ni wao.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimemaliza kupiga ombi la cheti cha kupotelewa na vitambulisho, kwa ajili ya Mama Kavira. Unamkumbuka mume wake: Bwana Kambale wa Butembo, aliyeuza vipuri vya malori, yule mrefu aliyeinama kila alipoingia mlangoni petu. Vita vilipokaribia kwao alikwenda kumtoa mama yake mzazi. Hakurudi. Amezikwa kule. Mke wake alijaribu kumfuata, akarudishwa njiani, na mkoba wenye vitambulisho vyake ukapotea katika msukosuko huo.

Nilipobofya kuhifadhi barua yake, kompyuta ilikataa. Iliandika kwa Kifaransa kwamba nafasi katika diski haitoshi. Nikajaribu kuichapisha bila kuihifadhi. Hilo nalo ikakataa. Watu saba walikuwa kwenye benchi wakinitazama mgongoni. Dieudo, fundi wa simu wa pale mlangoni, akapiga kelele: "Félicien, machine yako iko na mimba! Ungojee izae!" Benchi zima likacheka, na Mama Kavira pia, kidogo. Niliwaomba wote warudi kesho yake.

Sasa nakiri kosa langu, kwa kuwa ulinifundisha kwamba ombi linaloficha kosa la mwombaji haliaminiki.

Nilidhani kilicho kingi ndicho kizito. Ulikuwa na tabia ya kutoandika juu ya barua ya zamani: kila sahihisho lilipata nakala yake, la kwanza, la pili, la tatu, kama ulivyoweka karatasi za kaboni ulipokuwa karani wa kumbukumbu wa reli. Kwa hiyo dosye la Barua, folda yake ndani ya kompyuta, lina maelfu ya faili. Nikasema, adui ni huyu. Nikazifuta barua zote za miaka sita ya mwanzo, Papa, kwa kidole kimoja. Kisha nikaangalia nafasi. Haikuongezeka hata kidogo. Nilikaa nikihisi kama mtu aliyeuza nguo za baba yake asipate kitu.

Dieudo ndiye aliyenieleza, akiwa na bisibisi mdomoni, kwamba faili iliyofutwa haiondoki. Inakwenda kukaa katika kile kikapu cha takataka kilicho pembeni mwa kioo, kile kinachoitwa corbeille, na humo inaendelea kuchukua nafasi ile ile mpaka kikapu kimwagwe. "Umeitoa mu chumba, umeiweka mu kolidoo," alisema. "Nyumba ni ile ile." Namshukuru Mungu kwa ujinga wangu, maana barua zote zilikuwa bado kolidoni. Nikazirudisha moja kwa moja mahali pake. Nimehakikisha. Hakuna iliyopotea.

Baada ya hapo nikafanya kazi jinsi ilivyotakiwa kufanywa tangu mwanzo. Nilichukua daftari, nikasimamisha mshale juu ya kila dosye, nikabofya upande wa kulia, nikafungua mahali panapoonyesha ukubwa wake, nikaandika. Barua zote za miaka kumi na miwili, pamoja na nakala zake: hazijai hata kiganja. Mafomu: kidogo. Picha za pasipoti: kidogo zaidi ya mafomu. Programu za kompyuta yenyewe: nyingi, lakini haziguswi. Nikaingia katika dosye uliloliita Mambo Mengine, ndani yake nikakuta Ya Zamani, ndani yake tena nikakuta dosye moja lenye jina la maneno mawili: Za Kufuta. Hilo peke yake lilikuwa limechukua karibu robo tatu ya diski.

Zilikuwa sauti.

Nilizitambua kabla sijafungua hata moja, kwa majina na tarehe. Kile kinasa sauti chako kidogo, ulichokiweka mezani katikati yako na mteja, juu ya kitambaa ili mtetemo wa meza usisikike. Nilikuona mara mia ukikiwasha na kumwambia mtu: "Sema vile unasemaka ku nyumba. Tukimaliza kuandika, sauti yako tutaifuta, akuna muntu atasikia." Na mimi nilipokuuliza kwa nini usiandike moja kwa moja mtu anaposema, ulijibu: "Akiona kalamu, anaanza kusema kama gouverneur." Ulikiweka kwenye ubora wa juu kabisa, kwa ajili ya wazee wanaosema chini chini, na ubora huo ndio uzito. Saa moja ya mzee mmoja anayekohoa inazidi barua zote ulizoandika maishani mwako.

Miaka yote hiyo niliamini ulikuwa unazifuta. Uliwaahidi watu mbele yangu.

Ijumaa Mama Kavira alifika wa kwanza. Orodha ilikuwa wazi kwenye kioo na sikuwahi kuifunga. Alisimama nyuma yangu, kisha akanyoosha kidole bila kugusa.

"Papa Félicien, iyo jina njo ya bwana yangu."

Nilimweleza ni nini. Sikuweza kumdanganya, jina lilikuwa pale pamoja na siku aliyokuja kuomba ruhusa ya kufungua ghala. Akakaa. Alikaa kwenye kiti chako, na sikumwondoa. Akasema: "Mafoto niko nayo mingi. Ya ndoa, ya watoto, zote. Sauti, hapana. Simu yake ilibakia naye kule. Mutoto wangu wa mwisho ananiuliza papa alikuwa anasemaka namna gani, na mi naanza kusahau. Unisikilizishe tu. Ata kidogo."

Nilimjibu kwamba jambo hilo si langu kuamua peke yangu, na kwamba nitampa jibu Jumatatu. Hakukasirika. Aliuliza tu kama niko na mukubwa wa kumuuliza. Nikasema niko naye.

Papa, sikufungua sauti ya Bwana Kambale. Sikufungua ya mtu yeyote isipokuwa moja, ambayo nilikuwa na haki nayo. Yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi pia nilianza kwenye kile kiti cha wateja, mtu mzima niliyeshuka treni kutoka Kabalo na cheti kimoja ndani ya plastiki, nikitaka barua ya kuomba kazi kwenye machimbo ya upande wa Kinsevere. Nilijisikia nikisema. Ninasema vibaya, nasema maneno makubwa niliyoyatoa kwenye magazeti ya zamani ya misioni, kila sentensi ina "kwa mujibu" na "ilhali". Unaniacha niende mpaka nachoka. Kisha unasema, polepole, kwa sauti ile: "Félicien. Sema kwanza njaa. Maneno ya heshima tutaongeza nyuma."

Na mimi nasema njaa. Nasema habari za baba, reli ilipolala naye akalala, na za nyumba ya kambi ya reli tuliyofukuzwa. Sikukumbuka kwamba nilikueleza yale. Sikukumbuka kwamba nililia.

Halafu mlango unafungwa, nimeondoka, na wewe umesahau kukizima kinasa. Unaisoma barua yangu peke yako, kwa sauti, tangu juu hadi chini. Unakohoa. Unasema, bila mtu wa kumwambia: "Uyu ni muntu wa barua. Aiko muntu wa machimbo, hapana." Kisha kiti kinasogea, na hapo inakatika.

Siku mbili baadaye ulinitafuta na kuniambia nije nikusaidie mpaka machimbo yajibu. Machimbo hayakujibu. Sikujua mpaka jana kwamba hukuwa ukiyangojea.

Niliisikiliza mara moja. Kisha nikaifuta, na nikamwaga kikapu. Naomba unielewe. Katika orodha ile yote, sauti hiyo pekee ndiyo ambayo mwenyewe alikuwepo kuidai ahadi yake, na mwenyewe nilikuwa mimi. Watu walikuwa kwenye benchi. Ilitoa nafasi ya kutosha barua za mwaka mzima na zaidi. Nikapiga upya ombi la Mama Kavira, likahifadhika, likachapishwa, na wengine wote wakaondoka na karatasi zao kabla ya mchana. Lakini wewe ukiniita jina langu… hilo sina tena mahali pengine.

Kwa hiyo diski si tatizo tena. Naliandika hili waziwazi ili usidhani nakuletea shida ya mashine. Kilichobaki ni ahadi yako, na watu uliowaahidi. Baadhi wanaishi, na ningeweza kuwatafuta mmoja mmoja. Wengine, kama Bwana Kambale, hawawezi kuulizwa. Yeye alikubali kusema kwa sababu ulimwambia hakuna atakayesikia. Je, alimhesabu mke wake katika hao? Nimelizungusha swali hili tangu jana na sijapata upande wa kulishika.

Leo asubuhi, chini kabisa ya dosye lile, baada ya sauti zote, nilikuta faili moja ya maandishi. Ni hati ya kuteketeza kumbukumbu, imepangwa kama zile za reli: orodha ya vitu, sababu, mahali, na chini mistari miwili ya saini. Kwenye mstari wa kwanza umepiga jina lako. Kwenye wa pili umepiga langu. Tarehe hukuweka. Kompyuta inaonyesha kwamba uliiandaa miaka minne iliyopita, na tangu hapo mpaka kifo chako tulikaa chumba kimoja, tukala mkate mmoja saa sita, na hukuwahi kunipa niisome.

Ulinisimulia habari za ofisi yako ya reli. Kwamba hapo karatasi haikuchomwa kwa saini ya mtu mmoja: mkubwa, kisha shahidi. Na kwamba siku reli ilipokufa, ulikwenda sokoni ukanunua karanga, ukakuta zimefungwa ndani ya karatasi ya mfanyakazi uliyemjua, yenye jina lake na la watoto wake, na hakuna aliyekuwa ametia saini yoyote. Hukuzila karanga zile. Ndiyo maana naweza kuelewa kwamba hukutaka kufuta peke yako. Lakini shahidi ulikuwa naye, mita moja kutoka mkononi mwako. Kwa nini hukuniita?

Sitajibu mahali pako. Nakuahidi haya: sauti yoyote sitaisikiliza, wala Dieudo hatajua neno la siri la kompyuta, na ofisi itafunguliwa saa mbili maadamu nina miguu. Watu wakija na njaa, nitawaacha waseme njaa kwanza. Upumzike, Papa. Binti yako Clarisse anakusalimu. Ameweka maua meupe kaburini, yale ya plastiki yasiyoibwa.

Hati nimeichapisha. Iko mezani, na kalamu iko juu yake. Kwa kanuni yenu ya reli mkubwa hutangulia. Shahidi akitia saini kabla yake, karatasi ni batili. Kwa hiyo mstari wangu siwezi kuugusa.

Mama Kavira anarudi Jumatatu saa tatu asubuhi. Ikiwa uamuzi wako ni kwamba sauti zifutwe, ya Bwana Kambale ikiwemo, naomba utie saini kabla ya saa hiyo.

Félicien